Filamu za karate za mwanzo wa miaka ya 90: katika nchi ya bunduki, ngumi bado ina somo

Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi, vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wanajua vizuri jinsi Van Damme anavyopasua miguu katikati ya viti viwili. Wanajua Jackie Chan akilewa ndipo anapigana vizuri. Wanajua Jet Li anavyosimama, mkono mmoja nyuma ya mgongo na mwingine umefunguliwa mbele, akimkaribisha adui. Wengi wao hawajawahi kushika kaseti ya video mkononi. Filamu hizo wamezipata kwenye simu, vipande vipande, zikitumwa kutoka kwa rafiki hadi kwa rafiki.

Filamu zenyewe zina zaidi ya miaka 30. Picha zimechakaa, hadithi zinafanana, na mwisho unajulikana kabla ya filamu kuanza. Hata hivyo zinaendelea kutazamwa, wakati filamu nyingi za juzi zimekwisha kusahauliwa. Wasomi wanazicheka na kusema ni upuuzi. Wazazi wengi, na wahubiri pia, wanasema zinafundisha watoto vurugu.

Pande hizo mbili zinakosea. Kinachovuta katika filamu hizo si damu. Ni jambo ambalo mashariki mwa Kongo limekosekana kwa miaka mingi: pambano lenye kanuni, linaloonekana na watu wote, ambamo anayeshinda ni yule aliyejifunza kwa muda mrefu zaidi. Katika nchi ambayo mtoto wa miaka 12 amewahi kupewa Kalashnikov na kuwa mkubwa kuliko baba yake kwa siku moja, jambo hilo halifai kudharauliwa.

Benchi la mbao na jenereta

Mapenzi ya Wakongomani kwa michezo ya mapigano hayakuanza na Van Damme. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na filamu yake iliyojulikana kwa Kifaransa kama Opération Dragon ilitoka mwaka huohuo. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8 mjini Kinshasa, kwenye uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Kwa Wazaire wa wakati huo, somo la usiku ule lilikuwa wazi: mwenye nguvu nyingi anaweza kushindwa na mwenye akili na subira.

Lakini wimbi kubwa lilifika na kaseti za video, na lilifika wakati nchi inaanguka. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mkutano mkuu wa kitaifa ukaanza mwaka 1991, na Septemba mwaka huo askari wasiolipwa wakaingia barabarani kupora. Januari 1993 walipora tena, safari hii baada ya kulipwa kwa noti ya milioni 5 ambayo wafanyabiashara waliikataa. Mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi hata kwa chakula cha wiki.

Ndipo vyumba vya video vilipojaa. Chumba cha mbao au cha matofali, mabenchi machache, televisheni moja, jenereta ikinguruma nje. Kwa pesa kidogo kijana alipata saa mbili za dunia yenye mpangilio. Shujaa aliitwa "acteur" na adui wake "chef bandit", na kila aliyeketi alijua kwamba "acteur" hawezi kufa. Filamu ilikuja kwa Kifaransa au kwa Kichina chenye maandishi madogo yasiyosomeka, lakini hakuna aliyepotea njia. Mwili ulieleza kila kitu, na palipokuwa na shaka, mmoja wa wakubwa waliokwisha kuiona alieleza kwa sauti.

Watu waliita zote "karate", hata kama moja ilikuwa kung-fu ya China, nyingine ndondi ya mateke ya Thailand, na nyingine mchanganyiko wa Hollywood usio na jina. Jina moja lilitosha, kwa sababu kilichotafutwa kilikuwa kimoja.

Hong Kong: mwili usiodanganya

Mwanzo wa miaka ya 90 ulikuwa kilele cha sinema ya Hong Kong. Mji huo mdogo, uliokuwa bado chini ya Uingereza, ulitoa zaidi ya filamu 200 kwa mwaka. Nyuma ya kazi hiyo kulikuwa na watu waliofundishwa tangu utotoni. Jackie Chan, aliyezaliwa mwaka 1954, alilelewa katika shule ya opera ya Kichina chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao. Huko watoto walifanya mazoezi tangu alfajiri, na fimbo haikuwa mbali. Jet Li, aliyezaliwa Beijing mwaka 1963, alikuwa bingwa wa taifa wa wushu akiwa bado mtoto. Michelle Yeoh, Mmalaysia aliyezaliwa mwaka 1962, alisomea densi ya baleti Uingereza kabla ya kuingia katika sinema.

Mafunzo hayo yanaonekana. Katika Police Story 3 ya mwaka 1992, Yeoh anaruka na pikipiki na kutua juu ya garimoshi linalokwenda. Ni yeye mwenyewe aliyeruka, si mtu wa kumwakilisha. Katika filamu hiyohiyo Jackie Chan ananing'inia kwenye ngazi ya helikopta juu ya mji wa Kuala Lumpur. Katika Drunken Master II ya mwaka 1994, ambayo Wafaransa waliiita Combats de maître, pambano la mwisho kati yake na Ken Lo lilichukua miezi kadhaa kupigwa picha, na mahali pamoja Chan anatambaa juu ya makaa ya moto kwelikweli. Filamu zake zinapokwisha, zinaonyesha makosa yaliyotokea kazini: mtu ameanguka vibaya, mtu anashika kichwa, mtu anabebwa. Mtazamaji anatoka akijua bei ya alichokiona.

Kamera nayo ilikuwa na heshima. Ilisimama mbali kidogo, ikaonyesha mtu mzima kuanzia kichwa hadi miguu, ikaacha teke lianze, lifike na lijibiwe. Leo mambo yamegeuka. Filamu ya Taken 3 ya mwaka 2014 ilichekwa duniani kote kwa sababu ilikata picha zaidi ya mara kumi ili kumwonyesha Liam Neeson akiruka uzio mmoja. Anayetazama anaona vurugu, lakini haoni kazi. Kijana wa Bukavu anayerudia kutazama pambano la mwaka 1992 kwenye simu yenye kioo kilichopasuka si mtu aliyechelewa. Anatafuta ushahidi kwamba kitu kilifanyika kweli.

Hapo ndipo penye siri ya kwanza ya filamu hizo. Mtoto wa maskini anajua kwamba hatapata kamwe gari la James Bond. Mwili anao. Teke linaweza kurudiwa uani, kwenye mchanga wa ziwani, mbele ya wadogo zake. Filamu inampa kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Mtoto wa Brussels

Upande wa Marekani, jina kubwa la miaka ile lilikuwa la Mbelgiji. Jean-Claude Van Varenberg alizaliwa mwaka 1960 katika komini ya Berchem-Sainte-Agathe, Brussels, mji ambao familia nyingi za Wakongomani zina ndugu. Alijifunza karate na baleti, na mwaka 1982 akaondoka kwenda Marekani na rafiki yake Michel Qissi, mzaliwa wa Oujda nchini Morocco. Walihangaika kwa miaka, wakifanya kazi ndogondogo. Hatimaye mmoja akawa Van Damme, na mwingine akawa Tong Po, "chef bandit" wa Kickboxer ambaye watoto wa miaka ile walimwogopa kuliko askari.

Bloodsport ilitoka mwaka 1988 na Kickboxer mwaka 1989, lakini kaseti hazina haraka, na kwa watazamaji wengi wa Afrika filamu hizo ni za mwanzo wa miaka ya 90. Bloodsport ilidai kueleza maisha ya kweli ya Mmarekani Frank Dux. Gazeti la Los Angeles Times lilitilia shaka madai hayo mwaka huohuo wa 1988. Hilo halikuwashughulisha waliokaa kwenye benchi. Walichokiona ni mashindano yenye mwamuzi, ambamo mkali Chong Li anapozidiwa anamtupia mwenzake unga machoni. Shujaa haoni tena. Anatulia, anakumbuka alivyofundishwa kupigana akiwa amefungwa kitambaa machoni, na anashinda.

Mtu aliyeishi chini ya watawala wanaowatupia raia unga machoni hahitaji maelezo zaidi ya picha hiyo.

Lakini filamu ya Van Damme inayogusa zaidi familia za Kongo ni ile ya mwaka 1990 iliyokuja kwa Kifaransa kwa jina la Full Contact. Shujaa ni askari wa Legion ya Ufaransa aliyeko Djibouti. Anasikia kwamba ndugu yake ameunguzwa moto huko Los Angeles. Anatoroka jeshi, anasafiri kwa kazi ya kutia makaa katika meli, anafika Marekani bila karatasi na bila pesa, na anapigana barabarani matajiri wakiweka dau. Ndugu amekwisha kufa. Mjane hataki hata kumwona. Basi shujaa na rafiki yake wanabuni uongo: wanampelekea mjane pesa na kusema zinatoka kwenye kampuni ya bima.

Ukiondoa mateke, hiyo ni hadithi ya maelfu ya Wakongomani. Ni yule kaka aliyevuka mpaka, anayefanya kazi asiyotaka kuitaja kwenye simu, anayetuma pesa mwisho wa mwezi na kusema tu kwamba mambo yako sawa. Msomi anayecheka filamu hiyo hajaitazama mpaka mwisho.

Bunduki inapoingia

Kuna jambo ambalo wanaozilaumu filamu hizo hawalioni: nyingi kati yake zinaizungumzia bunduki, na zinaizungumzia kwa uchungu.

Mfano mkubwa ni Once Upon a Time in China, filamu ya Tsui Hark ya mwaka 1991. Jet Li anamcheza Wong Fei-hung, mganga na mwalimu wa kung-fu aliyeishi kweli kusini mwa China katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Wageni wameingia mjini Foshan na meli zao. Watu wanarubuniwa wapelekwe Marekani kwa ahadi ya dhahabu. Ndani ya hadithi yumo mwalimu mwingine, maskini, anayepigana barabarani ili atupiwe sarafu. Ndoto yake ni kufungua shule. Ngozi yake ni kama chuma, hakuna panga linaloingia. Mwishoni anapigwa risasi, na kabla ya kukata roho anamwambia Wong kwamba ufundi wao hauwezi kushindana na bunduki za wageni.

Ukweli huo mchungu umewekwa katikati ya filamu ya karate. Ni kweli kwamba dakika chache baadaye Wong anamwangusha Mmarekani mwenye bastola kwa kumrushia risasi kwa kidole. Kila mtu anajua hilo haliwezekani, na aliyetengeneza filamu analijua pia. Ni faraja, baada ya ukweli kusemwa.

Fist of Legend ya mwaka 1994, ambamo Jet Li anarudia hadithi ya zamani ya Bruce Lee katika Shanghai iliyo chini ya Wajapani, inakwenda mbali zaidi. Mwalimu mzee wa Kijapani anaeleza kwamba mtu anayetaka tu kumuua adui yake achukue bunduki. Kazi ya mafunzo ni nyingine, ni kumfikisha mtu kwenye kilele cha uwezo wake. Shujaa wa Kichina na mzee huyo wanapigana, upepo unapovuma wanafunga macho yote mawili ili wawe sawa, na wanaachana kwa heshima. Filamu iliyotengenezwa na watu waliovamiwa inamheshimu mtu wa kabila la mvamizi. Ni viongozi wangapi wa kisiasa wa eneo la Maziwa Makuu wamewahi kufika hapo?

Maisha yenyewe yaliongeza ushahidi. Tarehe 31 Machi 1993, Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, aliyekuwa ameanza kujulikana kwa filamu kama Rapid Fire, alipigwa risasi akiwa kazini North Carolina, katika utengenezaji wa The Crow. Bastola ilitakiwa kuwa ya mchezo tu. Alikuwa na miaka 28.

Hong Kong ilitengeneza filamu hizo ikihesabu siku, ikijua kwamba tarehe 1 Julai 1997 ingerudishwa kwa China. Zaire nayo ilibadilika jina na mwenyewe mwaka huohuo, tarehe 17 Mei, wanajeshi wa AFDL walipoingia Kinshasa. Wengi wao walikuwa kadogo, watoto wenye bunduki ndefu kuliko miguu yao. Huko Sierra Leone, mwanaanthropolojia Paul Richards aliandika mwaka 1996 jinsi filamu ya kwanza ya Rambo ilivyopendwa na vijana wapiganaji. Rambo ana bunduki. Bunduki haihitaji mwalimu, haihitaji miaka 10 ya mazoezi, haihitaji hata umri. Kidole kimoja kinatosha. Hiyo ndiyo tofauti kati ya filamu ya ngumi na filamu ya bunduki, na kuziweka zote katika kapu moja la "vurugu" ni kukataa kufikiri.

Wanaozilaumu wana haki wapi

Hata hivyo, haifai kuzipamba kupita kiasi. Filamu hizo zina makosa, na mengine ni makubwa.

Kosa la kwanza ni kisasi. Karibu kila mara hadithi inaanza kwa ndugu aliyeuawa au aliyevunjwa mgongo, na inakwisha kwa mkosaji kupigwa mpaka aanguke. Mahakama haipo, na polisi ama wamenunuliwa ama wanafika mwisho. Kwa mtu wa Ituri au wa Kivu, ambako kisasi kimechoma vijiji, huo ni mchezo wa hatari.

Kosa la pili ni jinsi zinavyowatazama watu. Katika filamu nyingi za Marekani, Mwasia ni mwalimu wa kale au ni mnyama, na mzungu ndiye anayekuja kuchukua ufundi wake na kuwashinda wenyewe nyumbani kwao. Katika Bloodsport, Mwafrika mmoja anapigana akirukaruka kama nyani. Wanawake mara nyingi wapo ili watekwe. Hong Kong ilifanya vizuri zaidi hapo: Michelle Yeoh na Mmarekani Cynthia Rothrock walipigana kama wanaume, na Yeoh akapata tuzo ya Oscar mwaka 2023 akiwa na miaka 60.

Kosa la tatu linawahusu Wakongomani moja kwa moja. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Katrien Pype aliandika mwaka 2007 kuhusu vijana wa mapigano wa Kinshasa, wale wenye misuli wanaoitwa pomba, na namna mafunzo yao na picha za sinema zilivyochanganyika na siasa za mtaa. Klabu ilianza kwa mazoezi. Baadaye mwanasiasa alikuja na pesa akitafuta watu wa kulinda mikutano yake na kuvuruga ya wengine. Siasa ilipokwisha, misuli ilibaki bila kazi. Kuluna wa mapanga hawakutoka mbali na hapo.

Jibu la serikali linajulikana. Novemba 2013 polisi walianzisha operesheni dhidi ya kuluna na kuiita Likofi, yaani ngumi kwa Kilingala. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa katika operesheni hiyo. Hawakuuawa kwa ngumi. Operesheni ilichukua jina la ngumi na kufanya kazi ya bunduki, tena usiku, bila mwamuzi na bila mashahidi.

Mifano hiyo inaonyesha ni nini kilichokosekana. Katika filamu, misuli haitembei peke yake. Kuna mzee pembeni. Katika Combats de maître, baba anamkataza mwanawe kabisa kupigana barabarani, na mwana anapovunja amri anaadhibiwa hata kama alikuwa na haki. Katika Kickboxer, mzee Xian anamfanya mwanafunzi arudie zoezi moja mpaka aombe msamaha. Kijana wa Kinshasa alipata teke la filamu bila mzee wa filamu. Mzee wake halisi alikuwa akisubiri mshahara wa miezi 6, au alikuwa amekimbia vita, au alikuwa amekufa.

Nini kifanyike

Hakuna anayeomba serikali inunue kaseti. Lakini yapo mambo manne yanayowezekana bila pesa nyingi.

La kwanza ni klabu. Katika miji ya mashariki, na hata katika kambi za wakimbizi wa ndani, wapo walimu wa judo na karate wanaofundisha bila mshahara, kwenye sakafu ya saruji au uwanjani, wanafunzi wakivaa kimono kilichoshonwa upya mara tatu. Wanaitwa "maître" na watoto wanaoishi barabarani, wale maibobo ambao hakuna mwingine anayewajua kwa majina. Kila komini ingeweza kuwapa chumba cha shule baada ya masomo, na ulinzi dhidi ya wanasiasa wanaokuja kuazima wanafunzi wakati wa uchaguzi. Mwalimu anayekubali kukodisha wanafunzi wake kwa mkutano wa hadhara anyang'anywe chumba siku hiyohiyo.

La pili ni kutazama pamoja. Mzazi anayezima simu ya mtoto hafundishi kitu. Mtoto ataiwasha kwa jirani. Mzazi anayekaa chini, akaitazama filamu yote na kisha akauliza "Kwa nini yule mzee alikataa kupigana?" amefanya kazi ambayo mhubiri hawezi kuifanya kwa saa tatu. Vipande vya simu vinaonyesha mapigo tu. Filamu nzima inaonyesha mazoezi, makosa, aibu na subira, na humo ndimo lilimo somo.

La tatu ni hadithi zenyewe. Jijini Kampala, katika mtaa maskini wa Wakaliga, Isaac Nabwana na majirani zake walitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo sana, kwa sababu walizipenda filamu hizohizo. Leo wanajulikana dunia nzima. Goma ina kituo cha Yole!Africa ambacho kimefundisha vijana wengi kushika kamera. Ladha ipo na miili ipo, na visa havikosekani. Katika Combats de maître, wafanyakazi wa kiwanda wanapigana ili balozi wa Uingereza asipeleke hazina za China nje ya nchi. Wakongomani waliomwona mfalme wa Ubelgiji akileta kinyago cha Kakuungu mjini Kinshasa Juni 2022, kwa mkopo tu, hawahitaji kutafuta hadithi mbali.

La nne, na labda gumu zaidi, ni kukubali kwamba kijana anayependa pambano hapendi lazima vita. Anaweza kuwa anatafuta kinyume chake. Vita vya mashariki mwa Kongo havina raundi, havina mwamuzi, na havina mwisho ambapo watu wawili wanainamiana. Anayeua hajulikani, yuko mlimani au nyuma ya mpaka, na mara nyingi yule aliyemlipa yuko mbali zaidi. Mbele ya hali hiyo, mtu mmoja anayesimama mahali pa wazi, uso wake ukionekana, mikono yake mitupu, na kusema "Njoo tumalize, mimi na wewe", anafanana na ndoto ya haki.

Ndoto hiyo haitoshi. Yule mwalimu maskini wa Foshan alisema kweli: ufundi wa mikono hauzuii risasi, na hakuna klabu ya karate itakayofukuza kundi lenye silaha. Lakini kabla ya mtoto kushika bunduki, kuna siku moja, pengine wiki moja, ambayo mtu fulani anaweza kumpa kitu kingine cha kushika. Filamu za mwanzo wa miaka ya 90 zimekwisha kumwambia kwamba nguvu hujifunzwa, kwamba huchukua muda, na kwamba ina mwalimu. Kilichobaki ni wakubwa kuhakikisha kwamba, akitoka kumtafuta mwalimu huyo mtaani, atamkuta.